Tajiri wa Habari na Shujaa Mwajiriwa: Mikasa ya Morgan Edge katika Hadithi za Picha za Superman

Neno 'tajiri' lina maana mbili katika Kiswahili, na maana hizo zimekaa pamoja kwa muda mrefu hata wasemaji wengi hawazioni tena kuwa ni mbili. Tajiri ni mtu mwenye mali nyingi. Tajiri pia ni mwajiri: mwenye gari ambalo dereva hulitoa barabarani, au mwenye duka ambamo karani huuza. Utingo asemapo 'tajiri wangu' hasemi habari ya fedha za mtu huyo, bali ya mamlaka aliyo nayo juu ya siku nzima ya utingo mwenyewe. Kwa njia hii lugha imekwisha kutambua jambo ambalo fasihi pendwa hulitambua kwa shida, yaani kwamba mali ya huyu na kazi ya yule ni habari moja. Makala haya yanamchunguza mhusika mmoja wa fasihi pendwa ya Marekani ambaye hawezi kueleweka sawasawa mpaka maana hizo mbili ziwekwe pamoja. Mhusika huyo ni Morgan Edge, bwana wa televisheni na magazeti katika hadithi za picha za Superman.

Huenda ikaulizwa kwa nini mhakiki ajishughulishe na vijitabu vilivyotungwa ili kumburudisha kijana kwa senti chache. Jibu ni kwamba fasihi pendwa ndiyo inayosomwa na wengi, na mambo inayoyaogopa huonyesha mipaka ya fikira za jamii iliyoizaa. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyekulia katika miaka ya 1960 na 1970 anaufahamu utanzu huu kupitia kwa Lance Spearman, mpelelezi wa jarida la African Film, ambaye mikasa yake ilisimuliwa kwa picha za kamera. Sheria ya utanzu ni ile ile huku na kule: mwovu hutambulika, hufukuzwa, na hukamatwa kabla ya ukurasa wa mwisho. Swali la makala haya ni hili: je, sheria hiyo hufanya nini inapokutana na mwovu ambaye uovu wake hauvunji sheria yoyote ya nchi?

Kwanza yafaa kukumbuka kazi ya shujaa. Superman, aliyetungwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1938, hana kazi ya upolisi wala ya ujeshi. Anapokuwa Clark Kent, yeye ni mwandishi wa habari. Tangu mwaka 1940 gazeti lake ni Daily Planet. Chaguo hili si pambo. Nguvu za Superman hushinda mabaya yanayoonekana, nayo kalamu ya Kent huyatoa hadharani yaliyofichwa. Kwa miaka thelathini ya kwanza, gazeti katika hadithi hizi ni mahali safi. Mhariri Perry White ni mkali, lakini ukali wake ni wa mzazi. Ni nadra sana msomaji kusukumwa aulize gazeti hilo ni mali ya nani.

Swali hilo liliingia mwaka 1970. Mwaka huo mchoraji na mtunzi Jack Kirby aliiacha kampuni ya Marvel, ambako alikuwa ameshiriki kuunda mashujaa wengi mashuhuri, akahamia DC. Alipewa jarida la Jimmy Olsen, kijana rafiki yake Superman, na katika toleo lake la kwanza, namba 133 la Oktoba 1970, akamwingiza Morgan Edge. Edge ni rais wa Galaxy Broadcasting System, kampuni ya utangazaji ambayo imelinunua Daily Planet. Amevaa vizuri na anasema kwa upole, wala haachi shaka kuwa yeye ndiye mwenye mahali. Kwa siri ni mkuu katika genge la wahalifu liitwalo Inter-Gang, na Kent anapomtilia shaka, Edge analiagiza genge hilo limuue.

Majina aliyoyatumia Kirby yanastahili kuangaliwa kwa jicho la majazi. Jina la gazeti lina maana ya sayari. Jina la kampuni inayolinunua lina maana ya kundi kubwa la nyota, ambalo ndani yake sayari moja ni chembe tu. Kumezwa kwa gazeti kumekwisha kusemwa kabla tukio lenyewe halijasimuliwa. Jina Edge nalo lina maana ya makali ya kisu, na pia ya ukingo wa shimo. Mtu huyu hukata, na anayesimama karibu naye yumo hatarini kuanguka. Majazi ya aina hii ni mepesi, lakini yanaonyesha kwamba mtunzi alikuwa na wazo kuhusu ukubwa. Kwake hatari ya zama zile ilitoka kwa kampuni kubwa mno kuliko vyombo inavyovimiliki, wala haikuwa hatari ya mnyang'anyi wa benki.

Jazanda yenye nguvu zaidi ni kamera. Edge anampeleka Jimmy Olsen pamoja na vijana wenzake katika safari ya kutafuta habari, wakiwa na gari la ajabu na kamera ya kampuni. Vijana wanadhani wamepewa kazi. Kumbe ndani ya kamera mmefichwa bomu, nalo limekusudiwa kuwaangamiza watu wale wale ambao vijana wametumwa kuwapiga picha. Ni vigumu kupata picha fupi zaidi ya shutuma dhidi ya vyombo vya habari vilivyotekwa: chombo cha kuonyesha ndicho chombo cha kuua, na anayekibeba hajui. Olsen hana hatia, lakini kutokuwa na hatia kwake ndiko kunakolifanya bomu lipokewe. Katika toleo lililofuata, namba 134, bwana wa Edge anajitokeza kwa mara ya kwanza. Ni Darkseid, mungu katili wa ulimwengu mwingine, naye anaonekana akiwa sura kwenye skrini ya televisheni. Mwenye televisheni naye ana wa kumtii, na amri humfikia kwa njia ile ile anayoitumia kuwafikia watu.

Mhakiki mwenye haraka angeweza kusema kwamba hapa ndipo Kirby alipoanza kukwepa, kwa kuwa uovu wa tajiri wa duniani umehamishiwa kwa mungu wa mbali. Hoja hiyo haimtendei haki. Katika majarida aliyoyatunga Kirby wakati huo, Darkseid anatafuta kitu kiitwacho Mlinganyo wa Kupinga Uhai, yaani uwezo wa kuitawala hiari ya kila kiumbe. Asiye na hiari, kwa Kirby, ni mfu anayetembea. Basi si ajabu kwamba mtumishi wa kwanza wa bwana huyo tunayeonyeshwa duniani si jenerali wala mfalme, bali ni mtangazaji. Darkseid ni jazanda ya kile ambacho utangazaji uliotekwa hukitamani. Jazanda hii inamkuza Edge na kumfanya aonekane wazi zaidi, wala haimwondolei hatia yake.

Mapema mwaka 1971 Edge alivuka kutoka jarida la Olsen hadi jarida kuu. Katika Superman namba 233, toleo la Januari mwaka huo, lililoandikwa na Denny O'Neil na kuchorwa na Curt Swan chini ya mhariri Julius Schwartz, mambo mawili yalitendeka pamoja. La kwanza lilitangazwa kwa shangwe: kriptonaiti yote duniani iligeuka kuwa chuma cha kawaida, na jiwe lililokuwa likimdhoofisha shujaa kwa miaka mingi likawa si kitu. La pili lilipita kimya zaidi: Edge alimwondoa Kent katika meza ya gazeti, akamfanya mwandishi wa televisheni. Mambo haya mawili hayana budi kusomwa kwa pamoja. Shujaa ameondolewa jiwe, akapewa tajiri. Aliyekuwa akichomoka katika chumba cha habari kwa kisingizio chochote sasa yuko mbele ya kamera, saa zake zimepangwa na mtu mwingine, na uso wake ni mali ya kipindi. Baadaye akawa msomaji wa taarifa ya habari ya jioni, na visa vingi vya miaka ya 1970 vilipata taharuki yao kutokana na swali moja: atawezaje kuondoka kazini bila kufukuzwa?

Methali ya Kiswahili isemayo kwamba kikulacho ki nguoni mwako inaafiki hapa kwa namna ya pekee. Superman ni mtu ambaye siri yake imo ndani ya nguo. Chini ya shati la karani mna vazi la shujaa. Kwa miaka thelathini nguo ya juu ilikuwa kinga. Tangu mwaka 1971 nguo hiyo ya juu ndiyo inayomuuma, kwa sababu aliyemvika ni Edge. Ngumi inayoweza kuhamisha milima haiwezi kuugusa mkataba wa kazi.

Hapo ndipo utanzu ulipofikwa na mashaka. Ikiwa Edge ni mwovu, na Kent anaendelea kupokea mshahara wake, basi shujaa analipwa na mwovu kila mwisho wa mwezi. Jarida halikuweza kulibeba jambo hilo kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa mwaka 1972, katika jarida la Lois Lane namba 118, ufumbuzi ulipatikana: Edge aliyekuwa akitenda maovu hakuwa Edge. Alikuwa nakala ya mtu, kiumbe kilichotengenezwa na watumishi wa Darkseid katika kiwanda chao, na Edge wa kweli alikuwa amefungwa muda wote huo. Nakala ikaondoka. Mwenyewe akarudi katika kiti chake, akaendelea kuwa rais wa kampuni: mkali, mwenye kiburi kidogo, lakini mwaminifu. Kent akaendelea kumfanyia kazi kwa miaka iliyobaki ya muongo huo bila ya kusumbuliwa na dhamiri.

Huu ndio mkasa mkubwa kuliko yote iliyompata Edge, naye aliupata kama mhusika wa fasihi kuliko kama mtu wa ndani ya hadithi. Yafaa kuhesabu kilichobadilika na kisichobadilika. Kampuni ni ile ile. Ununuzi wa gazeti haukubatilishwa. Kent hakurudishwa kwenye meza yake ya zamani. Amri iliyomtoa gazetini ilitolewa wakati kiti kilipokuwa kimekaliwa na nakala, lakini hakuna aliyeiona amri hiyo kuwa batili kwa sababu mtoaji wake alikuwa wa bandia. Mambo yote aliyoyafanya yule mwovu akiwa mwajiri yalibaki, na yaliyofutwa ni yale ya jinai peke yake: mabomu, genge, na njama za kuua. Kwa hiyo hadithi ilikiri, pengine bila ya kukusudia, kwamba tajiri wa bandia na tajiri wa kweli wangeweza kuongoza kampuni ile ile kwa namna ile ile, na mfanyakazi asitambue tofauti. Kinaya hiki ni kikali kuliko kejeli yoyote iliyokusudiwa.

Tofauti kati ya Darkseid na nakala ndiyo kiini cha hoja hii. Darkseid wa Kirby ni jazanda: anatumiwa ili uovu wa Edge uonekane kwa ukubwa wake. Nakala ni kisingizio: inatumiwa ili uovu huo uhamishwe kutoka kwenye kiti na kupelekwa kwa mgeni aliyekikalia kwa hila. Jazanda humwongezea msomaji maarifa, ilhali kisingizio humpa faraja. Vyote viwili vimeundwa kwa mambo yasiyo ya kawaida, na ndiyo maana ni rahisi kuvichanganya. Kipimo hakitafutwi katika uajabu wa tukio. Hutafutwa katika swali hili: je, baada ya tukio, msomaji anayaona mahusiano ya watu kwa uwazi zaidi, au anaambiwa aache kuyatazama?

Historia ya kampuni iliyochapisha hadithi hizi inalipa jambo hili uzito. Mwaka 1967 kampuni ya DC, iliyoitwa wakati huo National Periodical Publications, ilinunuliwa na Kinney National, shirika lililokuwa na viwanja vya kuegeshea magari na nyumba za shughuli za mazishi. Mwaka 1969 shirika hilo hilo likanunua Warner Bros.-Seven Arts, na mwaka 1972 likawa Warner Communications. Hadithi ya gazeti lililomezwa na kampuni kubwa ilitungwa, basi, ndani ya nyumba ambayo yenyewe ilikuwa imemezwa miaka mitatu tu kabla. Si lazima kudai kwamba mtu fulani aliamuru Edge asafishwe. Yatosha kuona kwamba waliotunga hadithi za Kent nao walikuwa na tajiri. Siegel na Shuster walikuwa wameuza haki za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Ni mwaka 1975, baada ya kulalamika hadharani, ndipo Warner Communications ilipokubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kuyarudisha majina yao kwenye hadithi. Kirby naye, ambaye majarida yake mawili kati ya yale ya miungu yalisimamishwa mwaka 1972, alirejea Marvel mwaka 1975. Katika mambo haya hapakuwa na genge wala mabomu. Palikuwa na mikataba.

Mikasa iliyofuata ya Edge inathibitisha kwamba tatizo halikuwa la mtunzi mmoja. Baada ya hadithi za Superman kuanzishwa upya mwaka 1986, Edge alirudi akiwa mwovu wa kweli, bila ya nakala. Hata hivyo uovu wake ulirudishwa kwenye genge: ni kiongozi wa Intergang, anafichuliwa, anapatwa na maradhi ya moyo, anaishia gerezani. Aliyekaribia ukweli zaidi ni baba yake, Vincent Edge, aliyeshika kiti cha mwanawe na kumsumbua kimapenzi mtangazaji Cat Grant. Huo ni uovu wa tajiri hasa, unaotendeka ofisini kwa sababu mmoja anaajiri na mwingine ameajiriwa. Yafaa kuzingatiwa kwamba Vincent si mhusika mkuu, na kisa chake kilipita pembeni.

Jambo jipya lilitokea mwaka 2012. Katika mfululizo ulioanza mwaka 2011, Galaxy ya Edge ilikuwa tena imelimeza Daily Planet. Katika Superman namba 13, lililoandikwa na Scott Lobdell, Kent anasimama katika chumba cha habari, mbele ya wenzake, anaushutumu uandishi uliogeuka kuwa burudani, kisha anajiuzulu. Hakuna genge katika tukio hilo, wala nakala, wala sauti kutoka ulimwengu mwingine. Tajiri hajavunja sheria. Anachoshutumiwa nacho ni kile alichokifanya kihalali na kile alichokifanya habari kuwa. Kwa mara hii, miaka 42 baada ya Kirby, Superman anapambana na Edge akiwa mfanyakazi, na silaha yake pekee ni kuondoa kazi yake. Kama mchoro, tukio hilo halina msisimko. Kama hoja, ndilo tukio lililokosekana mwaka 1972.

Hata hivyo ushindi huo una upungufu wake. Kent aliondoka, akaenda kuanzisha chombo chake cha habari katika intaneti pamoja na Cat Grant. Wenzake walibaki kwenye meza zao. Mtu anayeweza kuishi bila mshahara, asiyehofia njaa wala baridi, hawezi kuwa kielelezo kamili cha mwandishi ambaye watoto wake hula kutokana na kalamu yake. Utanzu wa shujaa mmoja ulikuwa umefika ukingoni mwake: unaweza kumwonyesha anayeondoka, lakini kwa tabu unaweza kuwaonyesha wengi wanaobaki na kudai.

Hata hatua hiyo haikudumu. Katika tamthilia ya televisheni Superman & Lois, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021, Edge ndiye mwenye Daily Planet, na katika sehemu ya kwanza kabisa Kent anaachishwa kazi. Mwanzo huo ulitia matumaini. Lakini kabla ya msimu kwisha inafichuliwa kwamba jina la kweli la Edge ni Tal-Rho, na kwamba yeye si binadamu bali ni kiumbe wa sayari alikotoka Superman, tena ni ndugu yake kwa mama. Kisingizio cha mwaka 1972 kikarudi kikiwa na vazi jingine. Waliopoteza kazi walipunguzwa na mgeni kutoka anga za mbali. Sayari yetu na desturi zake za kumiliki habari zikatoka mahakamani bila ya doa.

Hivyo, katika nusu karne, Morgan Edge amekuwa mtumishi wa mungu, nakala ya kiwandani, mkuu wa genge, mgonjwa wa moyo, mfungwa, na kiumbe wa sayari nyingine. Wingi wa sura hizi si utajiri wa mhusika. Ni dalili ya hadithi inayozunguka jambo moja bila ya kulikalia. Kila mara mwovu anapokaribia kuwa tajiri tu, mwenye hisa, mwenye amri halali ya kumhamisha huyu na kumfuta kazi yule, hadithi humkimbilia na kumvika joho la ajabu. Mhakiki wa Kiswahili, ambaye lugha yake imemwita mwenye mali na mwajiri kwa neno moja, ana nafasi njema ya kuliona joho hilo kuwa joho. Dereva hamhitaji Darkseid ili amweleze tajiri ni nani.